Askari anataka daftari la wateja wangu: nimpe au nikatae?

Swali linatoka kwa kijana mwenye steshenari Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Nimelifupisha hivi:

"Shikamoo wakili. Nina duka la kutoa kopi na kuprinti, na kompyuta ambazo wanafunzi wanalipia kuingia mtandaoni. Mwezi uliopita alikuja mtu kavaa kiraia, akajitambulisha kuwa ni askari. Alitaka kujua nani alikaa kompyuta ya tatu siku fulani jioni, eti kuna ujumbe wa kuichafua serikali umetumwa kutoka pale. Hakuwa na karatasi yoyote. Kwa woga nikampa daftari la wateja, akapiga picha kurasa kadhaa akaondoka. Habari zimeenea hosteli, wateja wamepungua. Je, alikuwa na haki? Kweli serikali inaona tunachoandika WhatsApp? Mkwe wangu ananiambia asiye na kosa hana cha kuogopa. Na hii VPN, programu ya kuficha unachofanya mtandaoni, inasaidia?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na lile linalokunyima usingizi. Polisi wakiwa katika upelelezi wa jinai wanaweza kudai taarifa zilizo mikononi mwako, na sheria inawaunga mkono. Lakini mamlaka hayo hayatembei na kila mwenye kitambulisho cha polisi. Yule aliyekuja kwako, kwa jinsi ulivyoeleza, hakuonyesha kwamba amepewa. Ulikuwa na haki ya kumwambia kwa adabu kwamba daftari lipo, halitaguswa, ila alete amri ya mkuu wa kituo. Sikulaumu kwa kumpa, wengi wangempa. Lakini atakuja mwingine, na siku hiyo ni vizuri uwe unajua umesimama wapi.

Sheria inayokuhusu ni ya Makosa ya Mtandao, Namba 14 ya 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo. Kama ilivyotungwa, kifungu cha 32 kinasema taarifa zikihitajika kwa upelelezi au mashtaka ya jinai, polisi mkuu wa kituo, au ofisa wa chombo kingine cha dola mwenye cheo kinacholingana naye, anaweza kutoa amri kwa yeyote aliyenazo azitoe. Kifungu cha 31 kinampa mkubwa huyohuyo uwezo wa kuidhinisha askari waingie mahali, wapekue na kuchukua kompyuta, akiwa na sababu za msingi za kuamini kwamba ina ushahidi au imetumika katika kosa. Kwa hiyo anayeamuru ni mkuu wa kituo. Askari aliyesimama kwenye kaunta yako ni mtekelezaji tu, na kama hakuna kilichoandikwa huna namna ya kujua kama bosi wake anajua hata kwamba yuko pale. Huenda ni mpelelezi kweli. Huenda ni askari anayemtafutia mtu taarifa za mpenzi wake. Huenda si askari kabisa. Kwa macho hutawatofautisha.

Sasa niseme linaloniuma mimi kama mwanasheria. Kizingiti hiki kimewekwa chini mno. Mkuu wa kituo ndiye msimamizi wa mpelelezi. Jalada ni la ofisi yake, na lawama lisipofungwa ni yake. Kumwachia yeye peke yake apime kama faragha ya mwanafunzi inastahili kuvunjwa ni kumpa mtu mmoja kazi mbili zinazogongana. Na wabunge wetu hawakukosa kujua namna bora ya kufanya, kwa sababu sheria hiyohiyo, kwenye kifungu cha 37, inataka polisi waende mahakamani kabla ya kutumia zana maalumu ya kiuchunguzi kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002 nayo inamtaka askari anayetaka kunasa mawasiliano apate kwanza ridhaa ya maandishi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha aombe amri ya mahakama. Kama kwa gaidi tunapita kwa hakimu, kwa mwanafunzi aliyeandika maneno makali kuhusu serikali tungeweza kupita huko pia.

Watu wamelijaribu hili mahakamani. Kampuni inayoendesha JamiiForums, jukwaa la mijadala la mtandaoni, ilikwenda Mahakama Kuu kukipinga kifungu cha 32 na haikufanikiwa. Mwanzilishi wake, Maxence Melo, alikamatwa Desemba 2016 na kushtakiwa katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, kwa kuzuia upelelezi baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za wachangiaji wake. Kesi zilikuwa zaidi ya moja. Katika mojawapo, Aprili 2020, alitiwa hatiani na kutozwa faini ya shilingi milioni 3. Nakutajia hili makusudi, usije ukanisikia vibaya. Sikuambii ukatae amri halali. Sheria hiyo inafanya kutotii amri iliyotolewa chini yake kuwa kosa, na adhabu yake si ndogo. Nakuambia udai amri yenyewe, kwenye karatasi.

Siku akija tena mtu wa namna hiyo, mwombe kitambulisho cha kazi, andika jina, namba na kituo. Uliza amri iko wapi. Ikiwepo, isome taratibu: imetolewa na nani, inahusu kompyuta gani, tarehe zipi. Toa kilichotajwa humo, usimkabidhi daftari zima aperuzi. Kama ni kompyuta moja kwa saa mbili za jioni, mpe nakala ya mistari ya saa hizo mbili, na hayo majina mengine ya wiki nzima hayamhusu. Wakichukua kitu, iwe kompyuta, kamera au daftari, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka upewe hati inayoorodhesha vilivyochukuliwa, yenye saini za waliokuwepo. Usisaini karatasi tupu wala iliyojazwa nusu. Na ukiitwa kituoni kuhojiwa, una haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki.

Kwa hili lililokwisha kutokea, andika leo ukiwa bado unakumbuka: tarehe, saa, alivyojitambulisha, kurasa alizopiga picha, nani mwingine alikuwepo dukani. Kisha mwandikie mkuu wa kituo barua fupi isiyo na ukali, ukimwarifu kwamba mtu aliyejitambulisha kuwa ni askari alichukua picha za kumbukumbu zako, na ukiomba uthibitisho wa amri aliyokuwa akiitekeleza. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa, hiyo ubaki nayo. Usipojibiwa, nenda kwa mkuu wa polisi wa wilaya (OCD), na baada yake kamanda wa polisi wa mkoa (RPC). Ukiogopa kwenda peke yako, tafuta msaidizi wa kisheria. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na huduma yao ni ya bure.

Daftari lenyewe hukulianzisha kwa kupenda. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, zile za 2018 na zilizochukua nafasi yake mwaka 2020, zinawataka wanaotoa huduma ya intaneti kwa umma wafunge kamera na kuweka kumbukumbu za watumiaji. Usijifariji kwamba wewe ni steshenari tu. Mradi unatoza hela mtu aingie mtandaoni, zinakugusa. Kwa namna hiyo serikali imemgeuza mwenye duka kuwa mtunza kumbukumbu wake, bila mshahara wala mafunzo.

Ila kuna upande wa pili ambao wenye maduka wengi hawaujui. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Kwa sheria hii wewe ni mkusanyaji wa taarifa binafsi za watu, na una wajibu kwao: kukusanya zinazohitajika tu, kuzitunza salama, kutozitoa kwa asiyestahili. Kuzitoa ovyo ni kosa lenye faini na hata kifungo. Yaani yule bwana akibainika hakuwa askari, wanafunzi wako wanaweza kukulalamikia wewe Tume, na watakuwa na hoja. Sheria hiyo inaacha mwanya mpana kwa mambo ya usalama wa taifa na upelelezi wa jinai, mpana kuliko ningependa, lakini mwanya huo ni wa mwenye amri halali.

Basi punguza unachoandika. Jina, namba ya kitambulisho, kompyuta, saa ya kuingia na kutoka. Nimeona madaftari ya aina hii yenye safu ya "alichokuja kufanya", humo kumeandikwa "barua ya kuacha kazi", "majibu ya hospitali", "fomu ya talaka". Nani alikuomba uandike hayo? Na daftari likae kwenye droo yenye kufuli. Likiachwa wazi juu ya kaunta, anayesubiri kopi zake anasoma majina ya waliomtangulia.

Sasa WhatsApp. Tangu Aprili 2016 ujumbe wa WhatsApp unasafiri ukiwa umefungwa kwa usimbaji, toka simu ya mtumaji hadi ya mpokeaji. Kampuni ya simu haiwezi kuusoma njiani, na wenye WhatsApp wenyewe hawawezi. Hofu ya kwamba kuna chumba Mtumba, kwenye ofisi za serikali, ambamo watu wamekaa wanasoma grupu lenu la hosteli haina msingi. Ujumbe unavuja kwa njia za kawaida zaidi: mmoja wenu anapiga skrinishoti, simu inakamatwa ikiwa haina nywila, au bakapu iko Google bila kufungwa. Kuna programu za kijasusi zinazoingia ndani ya simu na kusoma kila kitu kabla hakijafungwa, kama ile Pegasus ya kampuni ya NSO ya Israel iliyotikisa dunia mwaka 2021, lakini ni silaha ya gharama kubwa, na walengwa wake waliojulikana walikuwa waandishi, wanaharakati, mawakili na viongozi. Meseji ya kawaida na simu ya kawaida hazina ulinzi huo. Zinapita kwenye mitambo ya kampuni ya simu.

Kinachonitisha zaidi mimi ni orodha ya mawasiliano, yaani kumbukumbu za simu zako zilizo kwa kampuni ya simu. Maneno uliyosema hayamo humo. Nimezishika karatasi hizo kwenye kesi: namba iliyopiga, namba iliyopigiwa, tarehe, saa, sekunde mlizozungumza, namba ya kifaa, na mnara uliokubeba. Mistari inafuatana kurasa kwa kurasa, haina hata neno moja la mazungumzo. Chukua ya mtu mmoja wa hapa mjini. Kila siku alfajiri simu yake iko mnara wa Majengo, kwa hiyo yuko sokoni. Jioni iko Nkuhungu, ndiko anakolala. Lakini Alhamisi moja kila mwezi, saa tatu asubuhi hadi saa sita, simu inashika mnara wa karibu na hospitali ya Mirembe, na kabla ya kwenda anampigia dada yake. Hujasikia neno lake hata moja, na tayari unadhani unajua siri ambayo hajamwambia mwajiri wake, pengine hata mkewe: kwamba anahudhuria kliniki ya afya ya akili. Na unaweza kuwa umekosea kabisa. Mnara hauoni mlango wa hospitali, unaona eneo lote. Huenda anampelekea mama mkwe mboga mtaa wa jirani. Orodha inasema mengi, na inakosea kwa kujiamini.

Orodha hiyo sasa ina jina lako juu yake. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, ukafungamanishwa na kitambulisho cha NIDA, na laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Sitasema usajili huo hauna faida. Ukitapeliwa na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", unafurahi polisi wakiweza kumpata mwenye laini, na mimi nafurahi pamoja nawe. Hata hivyo piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lako. Wakala asiye mwaminifu akikugongesha kidole mara mbili, kuna mtu anatembea na laini yako, na atakayetafutwa ni wewe.

Kuhusu mkwe wako. Mwambie, kwa heshima zote, kwamba yule mgonjwa wa Mirembe hana kosa lolote na bado ana cha kuficha. Msichana anayemwandikia wakili kuhusu mume anayempiga hana kosa. Mtumishi wa umma anayempelekea mwandishi ushahidi wa wizi wa mbolea ya ruzuku hana kosa. Wote hao wakijua kompyuta ya tatu inachunguliwa, hawatakaa pale. Ndicho kilichotokea dukani kwako: wanafunzi waliokimbia hawakufanya jinai, wameona tu kwamba kukaa kwako kuna gharama. Wazee watakumbuka balozi wa nyumba kumi. Naye aliangalia nani kaingia, nani kalala kwa nani, lakini ulimjua kwa jina, ulijua anakaa wapi, na akizidi ulikwenda kumgombeza au kumshtaki kwa wazee. Anayefungua orodha ya simu zako humjui, na hakuna anayelazimika kukuambia kwamba alifungua.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 16, inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, maskani yake na mawasiliano yake. Ibara ya 18 inarudia kwamba una haki ya kutoingiliwa katika mawasiliano. Ibara ya 30 inaruhusu sheria ziwekee haki hizo mipaka kwa masilahi ya umma, na pia inakupa njia ya kwenda Mahakama Kuu haki yako ikivunjwa. Hata Sheria ya Usalama wa Taifa ilipotungwa 1996 iliandikwa ndani yake kwamba si kazi ya idara hiyo kumfuatilia mtu kwa sababu tu anashiriki maandamano halali au ana maoni tofauti na serikali. Maandishi mazuri tunayo. Lakini mwaka 2020 sheria inayosimamia mashauri ya haki za msingi ilirekebishwa, ikataka anayefungua shauri aonyeshe kwa kiapo jinsi alivyoathirika yeye binafsi. Sasa jiulize: kama orodha ya simu zako ilichukuliwa kimyakimya, na hakuna aliyekujulisha kabla wala baada, utaapa nini?

Wenzetu wa Afrika Kusini walilikabili swali hilohilo. Mwandishi wa habari za uchunguzi, Sam Sole, aligundua simu zake zilikuwa zikisikilizwa baada ya sehemu za mazungumzo yake kutokea kwenye nyaraka za mahakama. Kituo chake cha uandishi wa uchunguzi, amaBhungane, kikafungua kesi. Tarehe 4 Februari 2021 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba sheria yao ya unasaji wa mawasiliano inakiuka katiba, sababu mojawapo ikiwa haikuwataka maofisa wamjulishe mtu baada ya kumchunguza. Na zingatia kwamba sheria yao ilikuwa na jaji anayetoa kibali, bado ikaonekana haitoshi. Sisi kwa daftari lako tunaishia kwa mkuu wa kituo. Tamko la Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu la 2019 kuhusu uhuru wa kujieleza linataka yote mawili: kibali cha mahakama iliyo huru kabla, na taarifa kwa aliyechunguzwa baada. Hayo ndiyo marekebisho ningependa Bunge liyajadili, na liko hapahapa mjini kwetu.

Mpaka hapo litakapofanya hivyo, karatasi unayoidai pale kaunta ndiyo alama pekee ambayo uchunguzi unaiacha nyuma. Bila hiyo, mwanafunzi atakayetaka kulalamika hana jina la ofisa, tarehe wala kifungu cha kukitaja. Ukiwa nayo, ana kesi. Kesi huwa zinazaa kitu: Mei 2024 Mahakama Kuu ilikuta baadhi ya vifungu vya ile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi haviko wazi, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha, kwa sababu tu kuna mwanasheria aliyevipeleka.

VPN nitaijibu kwa ufupi. Inaficha kwa kampuni yako ya simu tovuti unazotembelea, lakini inamwonyesha mwenye VPN, na za bure nyingi zinaishi kwa kuuza taarifa hizohizo. Haifichi orodha ya simu zako wala mnara. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilitoa tangazo la kuwataka wanaoitumia kwa shughuli zao wajiandikishe hadi tarehe 30 mwezi huo, na tangu mtandao wa X uzuiwe Mei 2025 watu wengi wamekuwa wakiitegemea kuufikia. Kwenye simu yako, amua ukijua hayo. Kwenye kompyuta za duka, usiisakinishe wala usimwelekeze mteja namna ya kuiweka: zile Kanuni za Maudhui za 2020 zinamgusa pia anayetoa au kusambaza zana ya kufikia maudhui yaliyozuiwa, na atakayeitwa kituoni kuieleza ni mwenye duka.